Siku Mtani Aliponiitikia Marahaba

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwisho wa kiangazi, mwanangu, na lau kukumbuka kungekuwa hiari ya mtu, ningechagua siku nyingine. Keti basi, nikusimulie. Naona umetoka chuoni na cheti chako, na macho yako yanawaka kama yalivyowaka yangu. Sikuiti ili nikuzimie moto huo. Nakuita kwa sababu mimi niliwahi kuunguza nyumba ya mtu kwa moto wa namna hiyohiyo.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimehitimu chuo cha ufundi, nikarudi Tabora kwa gari moshi na sanduku la bati lenye vitabu viwili vya mitambo na daftari moja. Katika daftari hilo nilikuwa nimeandika ahadi za maisha yangu kwa mwandiko mzuri. Ahadi ya kwanza ilisema: *Nitasema kweli hata itakaponiuma.* Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nchi yetu itainuliwa na vijana waliosoma, na kwamba wazee waliofanya kazi kwa mazoea watatupisha njia, tena kwa shukrani. Usicheke, mwanangu. Niliamini.

Nikapata kazi kwa Bwana Kanji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na karakana ya turubai karibu na stesheni. Malori yaliyoleta tumbaku kutoka Sikonge yalifunikwa kwa turubai zake, na mvua za kwanza zilipokaribia, kila mwenye lori alimjia mbio. Kazi yote hiyo nzito ilitegemea cherehani moja: kubwa, nyeusi, yenye mkono mrefu kama wa mtu, imefungwa juu ya meza ya mninga. Ilipitisha sindano katika turubai ya kukunja mara nne kama vile unavyochoma muhogo uliochemka.

Mwenye kuitunza cherehani ile alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo. Baba yake alifika Tabora na msafara kutoka pwani, akishona mahema ya wasafiri kila yalipochanika njiani, na hakurudi tena. Mwana alirithi sindano. Kwa miaka kumi na tisa Mzee Kondo alikuwa amemfanyia kazi Bwana Kanji, na hakujua kusoma.

Siku ya kwanza nilimwinamia kwa adabu, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Shikamoo gani na mimi? Wewe si Mnyamwezi? Babu yako alibeba pembe miezi mitatu mpaka pwani, akaiona bahari, akauliza nani kamwaga maji!"

Karakana nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa maana nilijua nimepokewa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Utani huo ulizaliwa katika njia ileile ya misafara, pale watu wa bara na wa pwani walipolishana, walipouguzana na kuzikana. Mtani hakuitikii marahaba. Mtani anakutukana, na ndani ya tusi lake umo udugu. Ana haki ya kukwambia neno lolote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini sheria ina upande wa pili, na upande huo vijana husahau: aliyeufunga utani ndiye anayepaswa kuufungua. Ukiona mzaha wako unamwumiza mtani kweli, unasimama na kusema, "Huu ulikuwa utani," na hapo unakwisha.

Hata cherehani Mzee Kondo aliipa jina. Aliiita Mnyamwezi. "Kwa sababu," alisema, "hubeba mzigo wowote bila kuuliza unakwenda wapi."

Basi Ijumaa ile, saa sita mchana, Mnyamwezi alianza kuruka mishono. Zilikuwa zimebaki turubai nane, na malori yalikuwa yanangoja. Mzee Kondo akainama, akasikiliza, akazungusha gurudumu kwa mkono taratibu, akasema, "Parafujo ya chini imelegea. Sindano na shato hawapatani tena."

Nikufafanulie kidogo, ujue kosa langu lilikuwa wapi. Shato ni kile kifaa cha chini kinachobeba bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, nacho kina ncha iliyopinda kama mdomo wa ndege. Sindano hushuka na uzi hadi mwisho, kisha inapoanza kupanda kidogo tu, uzi hulegea na kufanya kitanzi. Hapo ndipo ncha ya shato inapopaswa kupita na kukidaka kitanzi hicho. Ikiwahi, hakuna kitanzi. Ikichelewa, kimekwisha kulala. Na ikipita karibu mno, inagonga sindano. Nafasi baina yao ni unene wa karatasi ya sigara.

"Naenda kuswali," akasema Mzee Kondo. "Nikirudi nitawapatanisha. Ninyi nendeni mkale. Na wewe msomi, usiikanyage. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzaramo. Nenda kaombe usisahau njia ya kurudi."

Wenzangu wakaenda kula, nami nikabaki. Niliona, mwanangu, kwamba saa yangu imefika. Nitaitengeneza kwa elimu, na atakaporudi ataikuta inaimba. Nikaanza kwa kuisafisha kwa mafuta ya taa. Kwenye fimbo ya sindano palikuwa na mikwaruzo iliyojazwa masizi na nta. Nikaisugua mpaka ikang'aa, nikijiambia kwamba uchafu ndio ugonjwa wa kwanza wa mtambo. Kumbe ule haukuwa uchafu. Zilikuwa alama za Mzee Kondo, alizozipata kwa miaka kumi na tisa ya kujaribu na kukosea, zikionyesha sindano isimame wapi kwa turubai nene na wapi kwa nyembamba.

Nikafungua kitabu. Kitabu kilieleza cherehani ya aina nyingine, lakini vipimo vilikuwa vimechapwa vizuri, nami sikuwahi kushuku kitu kilichochapwa. Nikalegeza, nikapima, nikakaza. Nikaweka turubai ya kukunja mara nne. Kila fundi cherehani, hata aliyeanza jana, anajua kwamba ukishafungua chini, unazungusha gurudumu kwa mkono duru nzima kabla ya kutia mguu. Mimi nilikanyaga kwa miguu miwili.

Ilisikika *tak!* moja. Sindano ilikatika, na kipande cha chuma kiliruka kikagonga bati la ukuta. Nilipofungua chini, ncha ya shato haikuwapo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na laiti lingevunjika langu. Lakini sikiliza nilichokifanya. Nilirudisha bisibisi mahali pake. Nikaifunika cherehani kwa kitambaa chake. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka mtaa mmoja, nikarudi pamoja na wenzangu nikijifuta midomo.

Mzee Kondo alikuwa amekwisha kurudi, na Bwana Kanji alisimama karibu naye, kitambaa mkononi.

"Nani amekanyaga mashine hii?" akauliza Bwana Kanji.

Wenzangu wakatazamana. Naye Mzee Kondo hakutazama watu. Alikuwa anaitazama fimbo ya sindano pale alama zake zilipokuwa, akapitisha kidole, akakinusa. Kidole kilinuka mafuta ya taa. Nikajua kwamba amejua.

Hofu ikanipanda, na ulimi, ambao hauna mfupa, ukakimbilia kichaka kilichokuwa karibu. Nikacheka kwa sauti. "Bwana, unauliza nani, na Mzaramo yupo hapa? Hawa wakisikia ngoma, hata maiti humtua njiani wakacheze! Leo ngoma imempigia kichwani, akaipanda cherehani akaicheza!"

Watu wakacheka. Na Mzee Kondo, kwa kuwa mila haimruhusu mtu kumnunia mtani mbele za watu, akatabasamu kwa mdomo tu, akajibu kama ipasavyo. "Ndiyo, ni mimi, mbeba pembe wee. Na bibi yako ndiye aliyenipigia ngoma."

Kicheko kikazidi. Bwana Kanji peke yake hakucheka. Utani wetu aliusikia kila siku kama mtu asikiavyo mvua juu ya bati, hakuwa na haja ya kuuelewa. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alisikiliza maneno yake.

"Kondo, umesema mwenyewe. Ni wewe."

"Bwana, huo ni utani," akasema Mzee Kondo. "Huyu ni mtani wangu." Kisha akanigeukia, na tabasamu lilikuwa limekwenda. "Haya, mtani. Utani umekwisha. Mwambie Bwana."

"Sema," Bwana Kanji akaniambia. "Wewe umesoma, huna sababu ya kuficha. Kweli au mchezo?"

Mwanangu, pale palikuwa na nafasi ya unene wa karatasi ya sigara baina yangu na ukweli. Nikasema, "Mimi sikuona, Bwana. Nilikwenda kula."

Shato nyingine haikupatikana Tabora nzima; ilibidi iagizwe Dar es Salaam. Turubai nane zilikwama. Bwana Kanji alimwachisha kazi Mzee Kondo alasiri ileile. Hakumpigia kelele. Alisema tu, "Kama ungeniambia umekosea, ningesamehe. Lakini umefanya mzaha na mali yangu." Mzee Kondo akachukua bisibisi yake yenye mpini wa pembe na bonge lake la nta ya Sikonge, akavifunga katika kitambaa. Alipita mbele yangu bila tusi lolote.

Wiki tatu zikapita. Daftari langu la ahadi sikulifungua. Siku moja Masanja, mkataji wa turubai, aliniuliza bila kuinua kichwa, "Hivi siku ile ulikula wapi? Muuza ugali anasema hakukuona." Nikajibu kwamba nilikula kwa mwingine. Uongo, mwanangu, ni kama mshono ulioruka: ukiuacha mmoja, ule wa pili haushiki.

Kisha nikaletewa habari kwamba baba yangu amefariki kijijini kwetu, ng'ambo ya Igalula. Nikapanda gari moshi. Jeneza lilipotolewa nje na wimbo wa kanisa kuanza, mtu akapenya katikati ya watu, kanzu ameikunja kiunoni, akasimama mbele ya wabebaji na kunyoosha mikono. Alikuwa Mzee Kondo. Hakuwa na kazi, na alikuwa amesafiri kuja kumzika baba wa mtu aliyemharibia. Lakini mtani ni mtani, msiba haumpiti.

"Hapiti!" akapaza sauti. "Mnyamwezi huyu hapiti! Mwanawe ana kitu changu."

Mwalimu wa kanisa alikunja uso kidogo, lakini wazee wakatabasamu, maana hivyo ndivyo watani wafanyavyo, na majonzi hupungua. "Mlipe mtani!" wakaniambia. "Mlipe, marehemu apite!"

"Sitaki kikubwa," akasema Mzee Kondo, akinitazama mimi tu. "Nataka neno langu. Neno moja. Anipe neno langu, nimpishe baba yake."

Watu wakacheka; wakadhani ni mzaha mpya. Angeweza kunivua nguo pale mbele ya ukoo wangu, na mila ingemlinda. Hakunivua. Aliniachia mlango wazi, akangoja.

Nami nikageuka, nikamkamata jogoo aliyekuwa akipita uani, nikampa.

Alimpokea. Akamtazama jogoo, akanitazama mimi, kisha akatoka njiani. Na jeneza lilipofika kaburini, ndiye aliyeshuka ndani kumpokea baba yangu, akamweka vizuri kwa mikono yake.

Kesho yake asubuhi nilimkuta jogoo amefungwa kwenye mwimo wa mlango wetu, kwa ukanda mwembamba wa turubai uliopindwa kingo na kushonwa kwa mkono, mishono midogo, iliyolingana. Mama alitoka, akasimama nyuma yangu.

"Mtani akirudisha kuku," akasema, "ujue hajalipwa. Umemfanya nini mzee wa watu?"

Nikamchukua jogoo, nikapanda gari moshi.

Nilimkuta Bwana Kanji karakanani pamoja na wenzangu wote. Nikasimama mbele yao na jogoo kwapani, nikasema ni mimi niliyekanyaga. Nikasema nilifuta alama, nikavunja, nikafunika, nikadanganya. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi mazuri juu ya majuto, lakini yaliyotoka yalikuwa hayo tu.

Masanja akasema polepole, "Kumbe hukula."

Bwana Kanji akauliza, "Siku ile nilikuuliza wewe, sikumwuliza mwingine. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu nimesoma, Bwana."

"Kwa sababu umesoma," akasema. Akavaa kofia yake. "Twende kwa Kondo. Wewe utatangulia."

Mzee Kondo alikuwa ameketi barazani kwake, anashona kiraka cha gunia. Bwana Kanji akamwomba radhi kwa maneno machache, akamwambia kazi yake ipo. Nami nikapiga goti. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Nimelileta neno lako. Ni mimi niliyevunja. Nimekwisha kuwaambia wote." Nikamwekea jogoo mbele yake.

Moyoni nilikuwa naomba tusi. Nilitaka aniulize babu yangu aliiona wapi bahari.

Alichomeka sindano katika kiraka. "Marahaba," akasema. Kisha akamgeukia Bwana Kanji. "Shato imefika?"

Ilikuwa imefika siku mbili kabla, na hakuna aliyethubutu kuifunga. Mzee Kondo alirudi nasi wakati uleule. Hakuigusa cherehani. Alinikalisha mimi, akasimama nyuma yangu, akanielekeza kila hatua: legeza hapa, teremsha sindano, iache ianze kupanda, sasa leta ncha, weka karatasi ya sigara katikati, kaza. Nikataka kutia uzi.

"Bado," akasema. "Zungusha kwa mkono."

Nikazungusha duru nzima.

"Tena."

Nikazungusha mpaka kiganja kikauma. Katika duru ya tano nilisikia mkwaruzo mdogo mno, ambao kwa miguu nisingeusikia kamwe. Nikalegeza, nikasogeza, nikakaza upya. Mzee Kondo akachukua bisibisi yake, akaikwaruza upya ile fimbo ya sindano, alama moja, na ya pili, akazijaza masizi na nta. Kisha akasema, "Sasa kanyaga."

Mshono ulishika.

Alinifundisha kazi miaka sita baada ya siku ile, bila kunificha kitu. Lakini hakunitania tena. Aliniita "fundi." Alisema "tafadhali nipatie spana," na nilipompa alisema "ahsante." Wengine waliokuja karakanani walidhani ananiheshimu sana. Siku moja nikajitia ujasiri, nikamtupia, "Vipi Mzaramo, leo hakuna ngoma?" Akajibu kwa upole, "Hakuna, bwana. Ahsante kwa kuuliza." Na kila asubuhi nilipomwamkia, aliitikia marahaba. Wewe unaona ni jibu la heshima. Kwangu lilikuwa mlango unaofungwa taratibu, usimwamshe mtu.

Alifariki kabla ya Uhuru. Nilikwenda kumzika, kama mtani. Jeneza lake lilipotolewa, watu wa kwake wakasita na kunitazama, wakangoja Mnyamwezi azuie njia na kusema la kusema. Nikasimama mbele, nikanyoosha mikono. "Hapiti Mzaramo huyu," nikaanza, na sauti ikakatika. "Hapiti, ana kitu changu." Nikalia kama mtoto. Watu wakacheka, mwanangu. Walidhani ndio utani wenyewe. Nikawapisha.

Basi hili ndilo nililokuitia. Elimu uliyopewa ni kitu cha thamani, usiionee haya. Lakini kabla hujasugua uchafu wa mzee, muulize kwanza kama si alama. Ukikosea, na utakosea, liseme kosa lingali la chuma. Chuma huagizwa kikaletwa kwa gari moshi. Nilichokivunja mimi kwa maneno mawili, *mimi sikuona*, hakikuuzwa Dar es Salaam wala kwingineko. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Usijifiche nyuma ya mzaha, wala nyuma ya mila, wala nyuma ya cheti. Na neno lolote linalomgusa mtu mwingine, lizungushe kwanza kwa mkono, duru nzima, usikilize kama halikwaruzi. Ndipo utie mguu.

Sina mali ya kukuachia. Bisibisi hii yenye mpini wa pembe niliachiwa na wana wa Mzee Kondo, nami sikustahili kuishika. Ichukue. Mungu akujalie mikono mizuri na ulimi mwepesi wa kukiri. Akupe watu wa kukutania mpaka uzee wako, na siku utakapobebwa, asikosekane mtani wa kukuzuia njiani, akicheka kweli.